Soko huria na bakuli la korosho

Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1990 hudhani ninatunga hadithi ninapowaeleza kwamba tulipanga mawe kwenye foleni ya sukari. Mtu aliweka jiwe lake usiku mbele ya duka la ushirika, akarudi kulala, na asubuhi akalikuta jiwe limemshikia nafasi, ingawa mara nyingi sukari yenyewe haikuja. Nyumbani tulifulia majani ya mpapai. Bei ya serikali ilibandikwa ukutani, tena nafuu, juu ya rafu tupu. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania ilipoanza kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, wapo waliotupa bidhaa kwa kuogopa kukutwa nazo, na rafu zikazidi kuwa tupu.

Kilichozijaza ni ruhusa. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kadhaa bila kuulizwa sana walikozipata, na Mzee Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka uliofuata, akaufungua mlango zaidi hadi akaitwa Mzee Ruksa. Hapakuwa na kamati iliyokaa kukadiria kila wilaya inahitaji miche mingapi ya sabuni. Bei ilimwonyesha mfanyabiashara pa kupeleka mzigo, naye akaupeleka. Ninalitanguliza hili ili yanayofuata yasichukuliwe kuwa ninazitamani foleni zile.

Baba yangu mdogo analima korosho Newala, mkoani Mtwara. Mwezi wa Februari, akiba ya chakula ikiwa imekwisha na mavuno mapya ya korosho yakiwa mbali, alikuwa akitembelewa na mnunuzi wa aina inayoitwa kangomba, aliyebeba fedha taslimu na kupima kwa bakuli badala ya mizani. Walikubaliana idadi ya mabakuli yatakayotolewa msimu ukifika, kwa bei ambayo mwezi wa Oktoba ingemfanya mtu yeyote acheke. Msomi mmoja niliyemsimulia alinijibu kwamba hapo soko limefanya kazi yake, kwa kuwa muuzaji aliridhia na mnunuzi aliridhia. Sikatai kwamba waliridhia. Lakini ukiutazama mkataba ule kwa makini, utaona kwamba kangomba alikuwa akiuza fedha, akiwa muuzaji pekee wa fedha pale kijijini, na riba yake aliificha ndani ya bakuli ambalo ukubwa wake aliujua yeye.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mpaka wa soko ulipo. Soko hushindanisha bei vizuri sana pale ambapo kipimo kimekwisha kukubalika, wanunuzi ni wengi na muuzaji anaweza kusubiri hadi wiki ijayo, lakini mambo hayo matatu haliyazai lenyewe. Mwenye bakuli hana sababu ya kununua mizani. Mizani, wakaguzi wake na hukumu dhidi ya anayeichezea lazima vitoke nje ya biashara yenyewe.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, ulijaribu kulitimiza hilo. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, unapimwa, unapangwa daraja, unahifadhiwa ghalani, na wanunuzi hushindana mnadani. Wapo wanaouita mfumo huu adui wa soko huria, nami naona wanakosea, kwa sababu mnada wenye wanunuzi wengi mbele ya mzigo uliopimwa ni soko zaidi kuliko kikao cha watu wawili na bakuli. Una kasoro zake, na si ndogo: makato yanayorundikana, malipo yanayochelewa, na viongozi wa vyama ambao nao wanahitaji kupimwa.

Mwaka 2018 ilionekana pia kwamba kumpima mnunuzi na kumfukuza ni mambo mawili tofauti. Bei mnadani zilishuka, wakulima wakakataa kuuza, na mwezi Novemba Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingizwa kazini. Siku ile kijijini ilishangiliwa, na mimi pia nilishangilia. Kisha wakulima wengi wakasubiri fedha kwa miezi, huku serikali ikigundua kwamba baada ya kununua, nayo ilipaswa kuuza kwenye soko lilelile la dunia linalotegemea viwanda vya India na Vietnam, ambako amri yetu haifiki.

Lipo jambo jingine ambalo hata mizani haiwezi kulipima. Mikorosho hushambuliwa na ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua na kusambazwa na upepo. Jirani asiyepuliza salfa, dawa ya ukungu huo, kwa uvivu au kwa kukosa fedha, hula hasara yake na kumgawia mwenzake, wala hakuna bei mnadani inayomdai fidia. Ndiyo maana sioni aibu kutetea ruzuku ya salfa, mradi mifuko ifike shambani na isiishie kwa wajanja.

Msimu uliopita baba mdogo alinionyesha stakabadhi zake, alizozifunga kwenye mfuko wa plastiki: kilo, daraja, tarehe, zote zikisomeka. Nikamuuliza Februari aliivuka vipi, kwa kuwa benki bado haijajenga mazoea ya kumtembelea, na kangomba amepigwa marufuku.

“Marufuku iko barabarani, mwanangu,” akanijibu. “Usiku hupita kwa pikipiki.” Mwaka huu, akaongeza, aliuza mbuzi wawili.