Nambari ya Kilicho Kifuani Mwangu

Kovu langu liko chini ya mtulinga wa kushoto, urefu wa kidole cha shahada. Mara ya kwanza nilipasuliwa hapo mwaka 2017, baada ya kuanguka juu ya cherehani yangu Uhuru Market, majirani wakidhani ni kifafa. Kumbe umeme wa moyo ulikuwa unakatikia njiani, hauteremki kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Nikawekewa pesimeka, kimashine kinachoushtua moyo upige unapozembea. Wiki tano zilizopita nimepasuliwa tena pale pale, na safari hii moyo haukuwa na kosa. Kimashine chenyewe kilikuwa na kasoro ya betri, na kiwanda kilikuwa kimetangaza kwamba vya aina ile vinaondolewa sokoni.

Sokoni! Neno hilo limenikaa rohoni. Unga mbovu ukiondolewa sokoni, mwenye duka anashusha pakiti kutoka kwenye rafu, basi. Changu kilikuwa kifuani, nalala nacho, napanda nacho matatu kila alfajiri.

Habari nilizipatia kliniki, siku ya kupimwa kama kawaida. Daktari alitazama skrini, akanyamaza, akaenda kumwita mwenzake. Tangazo lilikuwa limetoka miezi mingi nyuma. Lilimfikia wakala aliyeingiza mashine hizo nchini, likafika hospitalini kwa barua pepe, likalala huko, kwa sababu hapakuwa na orodha ya nani amewekewa ipi. Faili langu lilikuwa na kilo zangu, presha yangu, hata jina la mume wangu. Nambari ya kimashine haikuwemo. Ilikuwa nyumbani, kwenye kadi ndogo niliyopewa 2017, ndani ya mkebe wa vyeti.

Matatu ninayopanda Barabara ya Jogoo ina nambari ya chesisi, na serikali inamjua mwenyewe. Kila laini ya simu nchini imesajiliwa kwa kitambulisho. Nikimtumia mtu shilingi mia, ujumbe unaingia kabla sijarudisha simu mfukoni. Sasa ilikuwaje nisipigiwe simu moja kuhusu kitu kinachoushikilia moyo wangu? Nataka kila hospitali inayoweka vifaa hivi ilazimishwe kisheria kuwa na rejista: jina la mgonjwa, nambari ya kimashine, simu yake na ya jamaa mmoja. Nakala iende kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ndiyo inayosimamia vifaa vya tiba. Tangazo likitoka leo, kesho watu wawe wameshapigiwa.

Si kila tangazo huishia kwenye kisu, nalisema hili ili mwenye pesimeka asiingiwe na hofu bure. Wengi huchunguzwa kwa karibu tu, maana kufungua kidonda cha zamani kuna hatari yake, na viini hupenya kwa urahisi kuliko mara ya kwanza. Daktari alinieleza yote hayo, akanipa siku mbili za kufikiri. Moyo wangu unakitegemea kimashine karibu kila pigo, kwa hiyo nikachagua kubadilishiwa. Nilichagua nikiwa najua. Miezi yote ile ya nyuma nilinyimwa nafasi ya kuchagua.

Upasuaji wenyewe ulikuwa kama saa moja, kwa ganzi, nikiwa macho. Nyaya za zamani, zile zinazopeleka umeme kutoka kwenye kimashine hadi moyoni, zilipimwa zikaonekana nzima, zikaachwa. Kimashine kipya nilipewa bure. Chumba cha upasuaji na kitanda vikawa juu yangu: SHA, bima ya afya ya serikali, ikalipa sehemu, familia ikachanga iliyobaki. Kiwanda kikosee, bili ije kwa fundi wa yunifomu za shule? Sikubali.

Kupona kumenifunza mambo. Wifi yangu, kwa upendo wake, aliniletea uji na kunifunga mkono kwa leso nisiusogeze kabisa. Baada ya siku nne bega likakaza kama ubao. Nesi akanifungua, akasema, “Mama, huu mkono unataka kutembea, polepole, usiupitishe bega.” Kidonda nilikiweka kikavu, nikawa najipangusa kwa kitambaa tu, na kila asubuhi binti yangu alikikagua kama kina uwekundu, uvimbe au usaha.

Kiti cha mbele kando ya dereva, ambacho makanga hukupa kwa heshima akikuona mgonjwa, kwangu kilikuwa adhabu, maana mkanda wake unashukia bega la kushoto. Niliweka taulo katikati. Kisha kuna walinzi. Tangu shambulio la Westgate mwaka 2013 huingii duka kubwa Nairobi bila kupitishiwa kifimbo cha kutafuta chuma. Huwaambia, “Kijana wangu, nina mashine ya moyo, usikilaze hicho hapa, nipekue kwa mkono.” Wengi wananielewa, na nawashukuru.

Usiku ndio ulikuwa mgumu. Nilishika mshipa wa shingo nikihesabu. Kilichonituliza ni habari za Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza duniani kupandikizwa pesimeka, mwaka 1958. Ile ya kwanza ilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20, akaishi hadi 2001, akiwa na miaka 86. Mimi nimebadilishiwa mara moja.

Wiki iliyopita, kwenye benchi la kliniki, tulikuwa watu saba wenye pesimeka. Niliuliza nani anajua nambari ya kimashine chake. Wawili tu walikuwa na kadi. Nikatoa daftari ninaloandikia vipimo vya nguo, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika majina, nambari na simu. Watano wameahidi kutafuta kadi zao nyumbani. Jumanne ni kliniki tena, na daftari liko kwenye kiondo.