Kivuli Kwanza, Nyumba Baadaye

Siku niliyohamia Lodwar, mji wa jangwani huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, lori lililobeba vyombo vyangu kutoka Kakamega lilifika saa nane mchana. Ng'ambo ya njia alikuwepo mzee aliyeketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturkana hukitumia pia kama mto wa kulalia, chini ya mwarobaini. Alinitazama kwa muda mrefu nikihangaika na vijana wawili kuteremsha kabati, kochi na mablanketi mazito ya nyumbani, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hivi vyote ni vya kufanyia nini?" Nilidhani ananidhihaki. Miaka minne imepita, na kochi lile lipo katika chumba ambacho mimi mwenyewe siingii mchana ila nikiwa na lazima, na mablanketi niliyarudisha kwetu katika likizo ya kwanza.

Walimu wenzangu wanaopata uhamisho wa kuja huku hunipigia simu kuniuliza wabebe nini, kana kwamba tatizo la kuishi jangwani ni tatizo la mizigo. Huwajibu kwamba taabu yao kubwa haitakuwa nge, wala vumbi, wala maji, ingawa vyote hivyo watavikuta. Taabu yao kubwa itakuwa nyumba watakayoipanga. Sisi tuliotoka kwenye nchi za mvua tumeleta Turkana nyumba ya Kakamega na Kitale bila kubadilisha hata dirisha, na kila tukikosa usingizi ndani yake tunalilaumu jangwa.

Lodwar iko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, nyuzi tatu hivi kaskazini mwa ikweta. Kwa mwaka mzima hupata mvua ya takriban milimita 200, ilhali Kakamega hupata karibu mara kumi ya kiasi hicho. Joto la mchana hukaribia nyuzi 35 za selsiasi karibu kila mwezi, na usiku, kwa kawaida, halishuki sana chini ya nyuzi 24. Tarakimu hiyo ya usiku ndiyo ninayotaka msomaji aikumbuke, kwa sababu watu wengi wanaolizungumzia jangwa hudhani kwamba kila jangwa huwaka mchana na kuganda usiku. Yapo majangwa ya namna hiyo, na huko ukuta mnene wa udongo ni neema, kwa kuwa hulifyonza joto la mchana na kulitoa polepole katika saa ambazo wenye nyumba wanalihitaji. Lodwar haina usiku wa baridi wa kuipoza nyumba. Ukuta wa matofali ya saruji unaopigwa na jua la magharibi tangu saa nane hadi saa kumi na mbili hulirudisha joto hilo ndani ya chumba saa mbili na saa tatu usiku, yaani wakati ule ule mtu anapotandika kitanda.

Juu ya ukuta huo tumeweka mabati. Mabati yanafaa kwetu kwa sababu mvua ya kila alasiri inahitaji paa lisilovuja na maji yanahitaji kutiririka hadi kwenye tangi. Hapa mvua ni ya siku chache, lakini jua ni la kila siku, na bati lisilo na dari chini yake humwakia mtu kichwani kama sahani iliyoachwa juu ya jiko. Ifikapo mchana utayasikia yakilia, yakitanuka na kugonga misumari. Jioni yanalia tena yakijikunja. Nyumba niliyoipanga haikuwa na dari. Madirisha yake yalikuwa mawili madogo, moja likitazama magharibi na lingine likitazama ukuta wa jirani, ilhali upepo wa Turkana, ambao ni mali isiyotozwa kodi, huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki. Fundi aliyeijenga hakuwa mjinga. Alijenga vile alivyofundishwa, na alifundishwa na watu wanaoogopa baridi.

Kwa upande wa pili wa ua wetu anaishi mama mmoja wa makamo ambaye alinifunza mengi kuliko mafunzo yote ya kazini. Ana chumba cha mabati kama changu, lakini humo huweka unga, masanduku na sare za watoto tu. Maisha yake yote yanaendelea kwenye ekol, kibanda cha kukaa mchana ambacho huezekwa kwa majani ya mkoma, yaani ule mkoche, kwa wenyeji engol, uotao kando ya mto. Kuta za ekol ni za fito na majani yaliyoachana kidogo. Mwanga unaingia umechujwa, na upepo unapita. Palipo na nafasi, kama vijijini, huwapo pia akai, kibanda cha mviringo cha kulala. Vibanda hivi vyote hujengwa na wanawake, na kwa hiyo ni wao wenye elimu ya ujenzi katika nchi hii, jambo ambalo sijaona likitajwa katika kikao chochote cha wahandisi nilichowahi kualikwa. (Nilialikwa kimoja tu, kuhusu vyoo vya shule.)

Ukilitazama jambo hili kwa jicho la mwalimu wa sayansi, majani ya mkoma yanafanya lile ambalo tofali la saruji haliwezi: hayaweki akiba ya joto. Jua likizama, kibanda kinapoa pamoja na hewa iliyokizunguka, wala hakina deni la mchana la kulipa usiku. Mama huyu aliposikia kwamba mimi hulala ndani na mlango umefungwa, alinitazama kama mtu aliyesikia habari za mgonjwa. Juma lililofuata nilinunua kitanda cha kamba, nikakiweka uani, nikafunga chandarua kwenye fito nne, kwa kuwa mbu wapo na malaria ipo, hasa baada ya mvua, nikalala usingizi wa kwanza wa maana tangu nifike.

Sidai kwamba wote tuhame tuingie kwenye vibanda vya majani. Mchwa huyala, moto huyapenda, na mwizi hahitaji ufunguo. Mwalimu mwenye kompyuta na vitabu anahitaji chumba kinachofungwa. Ninachodai ni kwamba nyumba ya Lodwar ianze na kivuli, kisha chumba kifuate: baraza pana upande wa mashariki, kuta fupi ndizo zikabili macheo na machweo, madirisha makubwa yanayotazamana ili upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea, na chini ya bati dari, au juu yake makuti ya mkoma. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho kinahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Kuhusu kivuli cha mti nina kisa ambacho bado kinaniaibisha. Karibu na ua wetu ulisimama mgunga mkubwa wa aina wanayoiita ewoi, na tawi lake moja lilining'inia pale nilipotaka kupitisha kamba ya kuanikia nguo. Nikamlipa kijana akalikata. Jioni akaja bibi mmoja mzee, hakupaza sauti, akauliza tu ni nani aliyekata mti wake. Mimi nilikuwa nimezoea kuamini kwamba mti ulio nje ya ua ni wa serikali au wa Mungu. Kumbe kando ya mito ya Turkana miti ina wenyewe. Familia hurithishana haki ya kutumia sehemu ya msitu wa mtoni, sehemu inayoitwa ekwar, na maganda ya ewoi yakianguka wakati wa kiangazi ndiyo yanayowavusha mbuzi hadi mvua inaporudi. Nilikuwa nimekata chakula cha mbuzi wa mtu ili soksi zangu zikauke. Nilikwenda kuomba radhi na sukari, majani ya chai na tumbaku, nikiongozana na jirani yangu aliyenisemea. Bibi alipokea, kisha akanionyesha ni miti ipi mingine ambayo nisiiguse.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza kabla ya kupanda na kabla ya kukata. Mwarobaini ninaupenda, ingawa si mti wa hapa, kwa maana hustahimili kiangazi na kivuli chake ni kizito. Karibu kila ua wenye watu wanaokaa, kwa maana halisi ya kukaa, una mwarobaini. Mathenge, ambayo hapa huitwa etirae, siwezi kumshauri mtu aipande hata kwa ua wa nyumba. Ililetwa katika miongo ya 1970 na 1980 ili kuzuia mchanga, nao ulizuiwa, lakini miiba yake hutoboa matairi na ndala, maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi, na imejisambaza kingo za mto mpaka imeanza kuwafukuza wenyeji wa pale, miti na watu.

Lakini kwa nini mtu aliyeishi hapa miaka mitano anakuwa hajapanda hata mti mmoja? Jibu langu litawaudhi baadhi ya wenzangu. Wengi wetu hatujahamia Lodwar. Tumepitia tu, kwa muda mrefu. Nimewahi kuingia katika nyumba ya mtumishi wa umma aliyekuwa amemaliza mwaka wa sita hapa, na masanduku yake yalikuwa bado yamefungwa kamba. Anahesabu miezi, anapokea marupurupu ya mazingira magumu, na kila Desemba anaandika barua ya kuomba uhamisho. Mtu wa namna hiyo hawezi kudai dirisha upande wa mashariki, maana dirisha ni jambo la mtu anayekusudia kuwepo mwakani.

Tabia hii ina historia, na si haki kuwatwika watumishi peke yao. Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambayo mgeni hakuingia bila kibali, na ilitumika kama mahali pa kuwaficha watu. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, na alipomaliza kifungo mwaka 1959 akaletwa Lodwar kuishi chini ya vizuizi hadi 1961. Baada ya uhuru, Waraka nambari 10 wa 1965, sera ya uchumi ya serikali, ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, na kaskazini ikaachwa isubiri. Haishangazi kwamba kwa vizazi viwili afisa aliyekosana na mkubwa wake alitishiwa kupelekwa huku. Wenyeji nao walielewa ujumbe. Hadi leo utamsikia mtu akisema kwamba kesho anasafiri kwenda Kenya, akimaanisha Kitale, safari ya takriban kilomita 300. Mara ya kwanza nilicheka. Sasa nami hulisema bila kufikiri, jambo ambalo lilimshtua sana mama yangu kwenye simu.

Sitaki nionekane ninayapuuza magumu yenyewe. Mboga zinatoka Kitale, na bei yake imepanda kila kilomita ya njia. Kwa miaka mingi umeme wa mji umetegemea jenereta za dizeli, ilhali bwawa la Turkwel, juu ya mto huu huu unaopita mjini, limejengewa mitambo ya megawati 106 iliyounganishwa na gridi ya taifa inayohudumia kwingine. Hilo ni la kukasirikia, nami hukasirika. Maji nayo yana adabu yake: mwezi huu unakinga mitungi ya lita 20 alfajiri, na mwezi mwingine laga (mto wa msimu) ya Kawalase, uliyoivuka asubuhi kwa miguu juu ya mchanga mkavu, inashuka na mafuriko kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali usiyoiona, huku juu yako mbingu ni nyeupe. Niliwahi kusimama kwenye ukingo kwa muda wa saa tatu nikisubiri, na vitabu vya wanafunzi kichwani, pamoja na wanawake watatu na punda mmoja ambao hawakuona ajabu yoyote.

Hata hivyo, magumu hayo ni ya siku na siku, na mengi yanasubiri bajeti ya mtu mwingine. Nyumba ni ya kila usiku, nayo iko ndani ya uwezo wetu: wapangaji, mafundi, wenye nyumba, na bodi za shule zinazojenga nyumba za walimu kwa ramani ile ile kutoka Busia hadi Lokichoggio. Mwaka jana wanaume wawili walinisimamishia kibanda cha fito mbele ya mlango, jirani yangu na dada yake wakaezeka makuti kwa siku mbili huku wakinicheka nilivyofunga mafundo, na tangu hapo ndipo ninaposahihisha vitabu, ninapokula na ninapopokea wageni. Yule mzee wa ekicholong huja jioni. Hukaa chini, husema "Ejok," nami hujibu "Ejok noi," kisha tunanyamaza kwa muda mrefu, kila mtu akipata upepo wake.

Mwezi uliopita nilimwandikia mwenye nyumba nikimwomba ruhusa ya kutoboa dirisha kwenye ukuta wa mashariki na kuliziba lile la magharibi, gharama zikiwa zangu. Alijibu kwamba mpangaji atakayefuata huenda asilipende. Nimemweleza kwamba sina safari, na kwamba fundi ameahidi kuja Jumamosi, mapema, kabla jua halijawa kali.