Anko gani? Mbulgaria anataka kujua

Kuna watu hawachoki kusema Kiingereza kina maneno kuliko lugha zote, mi huwa nawaambia haya, chukueni uncle mkaitafsiri kwa Kibulgaria halafu mrudi tuongee. Mbulgaria hana anko wa jumla jumla. Ana chicho, huyo ni ndugu wa baba, ana vuycho, ndugu wa mama, na ana svako ambaye ni mume wa shangazi, na huyu wa tatu ukibadilisha mkoa unakuta anaitwa kingine. Wake zao nao kila mtu na lake, wa chicho ni strinka, wa vuycho ni vuyna. Sisi wa mjomba na baba mdogo wala hatushangai, ni nyumbani kabisa hapo. Ila kwa shangazi tumewazidi kidogo, maana lelya kwa kawaida ni dada wa baba na dada wa mama pia.

Sasa mtu anatafsiri maandishi ya chini ya muvi, jamaa kwenye skrini anasema nyumba hii kaniachia anko. Kwa Kiingereza imeisha hiyo. Kwa Kibulgaria lazima uchague hapo hapo na stori haijakwambia kitu. Ukibahatisha utaandika chicho, na haitashtua sikio sababu watoto kule humwita hivyo mwanaume yeyote mtu mzima, lakini subiri ije kujulikana mbele kwamba mzee alikuwa kaka wa mama, vuycho utamtoa wapi saa hizo? Mi ningeanza na majina ya ukoo: anko na kijana wakiwa na jina moja, uwezekano mkubwa ni chicho, yakitofautiana anza kushuku. Ikishindikana muulize aliyeandika stori, kuuliza sio ushamba.

Na brother-in-law ndo balaa zaidi. Kaka wa mke ni shurey, kaka wa mume ni dever, mume wa dada ni zet, halafu kuna badzhanak, yaani mmeoa mtu na dada yake, neno walilochukua kwa Waturuki waliowatawala karibu miaka 500 mpaka 1878. Si ndo mwanyumba wetu huyo!

Kinachoniudhi hasa ni tafsiri za mashine zinazotoka Kiswahili kwenda Kibulgaria kwa kupitia Kiingereza katikati. Unaweka mjomba, katikati anageuka uncle, upande wa pili anatoka chicho, tayari umehamishiwa ukoo wa baba bila kuulizwa, na hizi lugha mbili zilikuwa zinaelewana vizuri tu kabla hajaingia dalali. Bora hata kamusi ndogo ya moja kwa moja, ya maneno ya ukoo tu. Na atakayeitengeneza asije akaona kaka kwenye Kibulgaria akadhani kapata mteremko, kule kaka ni dada mkubwa, kaka mkubwa wanamwita batko.