Danie Craven na Mbio Ambazo Bayi Hakukimbia

Mtanzania wa rika langu huenda asijue hata umbo la mpira wa raga, lakini anajua kwamba Filbert Bayi hakukimbia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Bayi ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3 na sekunde 32.2, aliyoiweka Christchurch mwaka 1974 huku John Walker akimkimbiza kwa nyuma; Montreal, Walker akachukua dhahabu bila yeye. Chanzo kilikuwa raga: New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake kwa makaburu wa Afrika Kusini, na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikasusia michezo hiyo. Rais wa bodi ya raga iliyoipokea timu ile alikuwa Danie Craven, na ndiyo maana kila nikisoma sifa zake humkumbuka Bayi.

Sifa zenyewe anastahili. Aliichezea nchi yake mara ya kwanza mwaka 1931 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, akafikisha mechi 16 za kimataifa katika nafasi nne tofauti, zote kwa ridhaa, yaani bila malipo. Alichokipa umaarufu ni pasi ya kujirusha: mpira ulipochomoza nyuma ya skramu (kundi la wachezaji wa pande mbili wanaosukumana kuugombea mpira) aliuzoa kwa mikono miwili, kisha akajitupa mzima mzima kuelekea kule alikokuwa akiupeleka, hata uzito wote wa mwili ukausukuma mpira, na alipoanguka kifudifudi mwenzake alikuwa ameshaudaka mbali na wapinzani. Baadaye alifundisha St Andrew's College huko Grahamstown, akawa profesa wa elimu ya viungo Stellenbosch, na kujikusanyia shahada tatu za uzamivu (moja ingewatosha wengi wetu).

Alishika urais wa bodi mwaka 1956, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu. Kiongozi wa ridhaa halishwi na mchezo. Riziki ya Craven ilitoka chuoni, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kusema ambayo mwajiriwa wa bodi asingekuwa nayo. Hata hivyo, ilipita miaka 32 kabla hajaenda Harare, Oktoba 1988, kuzungumza na ANC iliyokuwa bado imepigwa marufuku nchini mwake. Serikali ilikasirika, na sidharau ujasiri wa mzee wa miaka 78 aliyekubali kuitwa msaliti na watu wake mwenyewe, ila ninauliza kwa nini mwalimu aliyezoea kusahihisha wengine alichelewa kiasi hicho kujisahihisha.

Machi 1992 bodi yake iliungana na chama cha Ebrahim Patel kilichokataa raga ya ubaguzi, na Agosti Afrika Kusini ikarudi uwanjani Ellis Park, ikafungwa na New Zealand 27 kwa 24. Craven alifariki Januari 1993. Bayi alipata medali ya fedha Moscow mwaka 1980, lakini katika mbio za kuruka viunzi na maji. Mita 1,500 za Olimpiki zilikuwa zimeshampita.