Shangazi zangu hawakupimwa

Shangazi zangu hawakupimwa. Naanza na hilo kwa sababu jamaa yangu wa Tabata, aliyekuwa kwenye Kosta ya wageni wa harusi, tangu Jumamosi anazungusha video yenye maneno "Mashangazi wazidisha uzito, IST yazuiwa mizani". Mpaka sasa nimetumiwa video hiyo na watu kumi na mmoja, mmoja wao ni mama mwenye nyumba wangu, ambaye kwa kawaida hunitafuta tarehe moja tu ya mwezi. Kwa hiyo kabla hujawa wa kumi na mbili, kaa hapo nikueleze.

Gari ni ile ile Toyota IST yangu ndogo. Ndiyo, ile niliyoishusha. Ndiyo, mliniambia nisiishushe.

Niliishusha wiki tatu kabla ya harusi ya binamu yangu. Fundi alikata springi kwa grenda, mzunguko mmoja na nusu kila upande, gari ikalala chini mpaka paka wa jirani aliyezoea kujipumzisha uvunguni akahama mtaa. Nilizunguka nayo jioni ile kioo kimeshushwa, kiwiko nje. Fundi wa watu aliniambia wazi: ipe wiki moja springi zizoee, halafu urudi tupige alaimenti, yaani kuzinyoosha tairi, maana gari ikishuka tairi hazibaki zilivyokuwa. Nikaitikia "sawa mkuu" huku kichwani napiga hesabu. Alaimenti elfu thelathini. Mchango wa harusi laki moja. Kitenge cha sare, na mshono wake. Nikaona alaimenti ni mtu mzima, anaweza kusubiri.

Hakusubiri. Wiki ya pili, ili gari iende moja kwa moja ilibidi usukani niukate kidogo kulia, kama mtu anayechungulia kona. Tairi nikizitazama kwa nje ni safi, kashata, yale meno ya tairi, zote zipo. Kwa ndani, ambako binadamu hatazami mpaka alale chali, kipara kitupu. Juu zimeinamia ndani, miguu imetanuka kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Hiyo mafundi wanaita kemba. Lakini kinachokula tairi haraka zaidi ni tou: kwa mbele zilikuwa zimefunguka, kila moja na safari yake. Ya kushoto inakwenda Tegeta, ya kulia inakwenda Mwenge, na mimi katikati nang'ang'ania kwenda Ubungo.

Alhamisi usiku, siku mbili kabla ya safari ya Morogoro kwenye harusi, nikaamua kuinyoosha mwenyewe. Nilishaangalia video mbili. Nikapiga jeki, nikaweka stendi za kuazima, tairi za mbele zikaning'inia. Nikawa nazungusha tairi moja moja huku nimeishikia chaki mpaka mstari unatokea katikati ya kashata, kisha nikapima kwa futi umbali kati ya mistari, nyuma na mbele. Mbele kumezidi. Nikalegeza nati za tairodi, vile vyuma vinavyotoka kwenye usukani kugeuza tairi, nikazungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, nikapima, nikazungusha, nikapima. Saa tano usiku mbele na nyuma vikalingana, milimita kwa milimita. (Wadau wa magari, najua mmeshika kichwa. Tulieni, tutafika.)

Nikapiga picha ya futi nikamtumia fundi: "Kazi imeisha mkuu." Akajibu maneno mawili: "Ikiwa chini?"

Nikaona huyu anaulizia kama bado imelala. Nikamjibu: "Chini kabisa!" na vile vimoto vitatu. Nikashusha jeki, nikaenda kulala.

Jumamosi asubuhi tukapakia. Mbele, Shangazi Mkubwa. Nyuma, Shangazi wa Mbagala na Mama Mdogo, na kwenye mapaja ya Mama Mdogo sufuria la pilau lile la msiba na harusi, kwa sababu buti lilishajaa makreti ya soda. Wote sare, vilemba juu, manukato ya kutosha wilaya nzima. Kona ya kwanza tu, mwendo wa baiskeli, tairi zikalia ngwiiiiii.

"Baba, umekanyaga nini?" Shangazi Mkubwa akauliza.

"Lami tu, shangazi."

Kibaha tukapita, Mlandizi tukapita. Gari inayumbayumba kidogo, lakini nikasema ni upepo wa malori. Sasa tunaingia Vigwaza, na hapa naomba niende polepole, kwa sababu video ya yule bwana inaanzia katikati.

Aliyewahi kupita njia hiyo anajua mizani ilivyo. Malori yanachepuka kushoto kwenda kupimwa, magari madogo yanaendelea na barabara kuu. Na malori yanapochepuka, yakiwa na mizigo yake na yanapunguza mwendo, yanachimba lami. Kuna mifereji miwili ya matairi, inaanza huku barabarani, inakunja taratibu, inakwenda zake mizani. Gari ya kawaida inaikanyaga na kusahau. Gari iliyofunguka tairi za mbele ikiona mfereji ni kama kuku ameona mchele.

Usukani ukanivuta. Siyo kwa nguvu. Kwa adabu, kama mtoto anayekushika kidole akupeleke dukani. Nikarudisha kulia, ikaenda kulia kupita nilivyoomba, na huko kulia kulikuwa na basi la mkoani linanipita, likanipigia honi iliyonisafisha masikio. Nikaukata kushoto. Tairi zikasema asante, zikaingia kwenye mifereji, na gari ikatulia. Nawaambia ukweli, wiki tatu nzima gari haijawahi kutulia namna ile. Ilinyooka kama treni. Shangazi Mkubwa, aliyekuwa katikati ya Salamu Maria, akafumbua macho.

"Baba, hapa ndipo tunapopitia?"

"Njia ya mkato, shangazi."

Mbele yangu kontena. Kwenye kioo, bampa la tanki la mafuta limejaa kioo kizima. Kushoto ukingo wa zege, kulia ukingo wa zege. Foleni ikasogea, nasi tukasogea. Shangazi wa Mbagala anajua kusoma, na kile kibao hakikuwa kidogo.

"Wanapima nini hapa?"

"Magari, shangazi."

"Na waliomo?"

Sikujibu. Kosa langu kubwa la siku ile, kuliko hata tairodi, ni ule ukimya.

"Mimi sipimwi mbele za watu," akasema, akafungua mlango.

Gari ikiwa na urefu wake wa kuzaliwa, mlango unapita juu ya ukingo bila matatizo. Yangu mlango ukachota zege, krrrrr, ukagota pale pale, umefunguka kiasi cha kupitisha paka mwembamba. Shangazi akaanza kutoka hivyo hivyo. Kilemba kikatoka kwanza. Ukafuata mkono wenye pochi. Halafu pakawa na kituo kirefu. Dereva wa tanki akapiga honi. Shangazi Mkubwa naye akaona ndugu yake hawezi kuachwa peke yake duniani, akafungua wake, krrrrr. Sasa nina milango miwili imegota, shangazi wawili nusu ndani nusu nje, na nyuma yetu foleni ya mzigo wa Tunduma na kwenda mbele inatusubiri. Dereva mmoja, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, akatoa kichwa dirishani: "Papa, hii mutuka iko mugonjwa ao iko nalala?"

Na ni wakati huo huo Kosta ikapita barabara kuu, polepole, madirisha yote wazi. Vigelegele. Nikaona simu ya yule bwana imenyooshwa kama ya mwandishi wa habari. Nikapunga mkono. Sijui kwa nini nilipunga mkono.

Shangazi wakatoka hatimaye, wakajipanga pembeni na sare zao, kila mmoja anatazama upande wake kama hawanijui. Mama Mdogo hakushuka. Siyo kwamba hakutaka: sufuria lilikuwa limembana, naye alikuwa amelibana sufuria.

Akaja dada mmoja wa pale, koti la kung'aa, mpole kabisa. "Kaka, hapa ni magari ya kuanzia tani tatu na nusu." Nikamwambia najua, gari imenileta yenyewe. Akainama, akatazama mbele ya gari muda mrefu, kama daktari mwenye habari mbaya.

"Hii tairi mbona inatazama kule?"

Nikashuka nikaangalia. Hapo ndipo maneno mawili ya fundi yaliponirudia, saa nne asubuhi, jua la Pwani, malori yananguruma. *Ikiwa chini?* Hakuuliza kama gari bado imelala. Aliuliza kama nilipima ikiwa imesimama chini, kwa tairi zake. Mimi nilipima ikiwa hewani, miguu inaning'inia! Tairi zikining'inia, mikono ya chini inayoshikilia tairi inakaa pembe nyingine, tairodi nayo pembe nyingine; ukishusha, kila kitu kinahama, na ule unyoofu wangu wa milimita kwa milimita ulikuwa wa gari inayoelea. Halafu juu yake nikapakia watu watatu, sufuria na makreti ya soda.

Kurudi nyuma haiwezekani, tanki lipo. "Pita tu taratibu, utokee upande wa pili," dada akasema. Nikapita juu ya mizani mimi, Mama Mdogo na sufuria, hatua kwa hatua. Namba ikatokea. Dada akaiangalia. Mimi nikaiangalia. Dada akabana midomo, akageuka kutazama malori. Kule malori yanaruhusiwa mpaka tani 56, kwa hiyo hakuna aliyezidisha chochote, na aliyeandika "yazuiwa" amesema uongo.

Yaliyobaki ni mafupi. Shangazi walipandishwa Kosta, mimi nikaburuza mpaka Morogoro mwendo wa fisi mzee, nikakosa kuingia kwa maharusi, nikala wali wa chini. Jumatatu nikaenda kwenye mashine. Fundi akanikalisha kwenye kiti cha dereva ili gari ikae inavyokaa barabarani, akaangalia nyuma kwanza, akaniambia kule IST haina cha kurekebisha, ni mhimili mmoja. Mbele akaweka bolti za kemba, na tou akaimalizia mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa kemba tou inahama. Kila tairi ilikuwa imefunguka nyuzi moja. Unaona ndogo? Kwa nyuzi moja, kila kilomita unayokwenda tairi inaburuzwa ubavu mita 17. Dar mpaka Moro ni kama kilomita 190. Piga mwenyewe: tairi zangu zilitembea kwa ubavu zaidi ya kilomita tatu. Kwa ndani waya zilikuwa zinaonekana, zote mbili.

Jana jioni Mama Mdogo akapiga simu. Hakuulizia gari.

"Baba, kile kitelevisheni cha pale kiliandika nini?"

"Sikuona, Mama Mdogo."

"Uliona."

Nikanyamaza. Nimeshajifunza ukimya una kazi yake. Mama Mdogo naye anajua IST tupu ina kilo ngapi, kwa sababu yule bwana wa Tabata ameandika kwenye kundi la familia, na kilo zangu anazijua tangu nazaliwa. Kutoa anajua. Akakata simu.

Dakika tano baadaye ikaingia meseji ya pesa. Hakuna maelezo, jina lake tu na kiasi, na kiasi chenyewe, nilipouliza dukani leo asubuhi, ndiyo bei ya tairi moja mpya.

Za mbele ni mbili, Mama Mdogo.