Mchawi Aliyefungwa Jehanamu na Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Riwaya ya kubuni inayomweka mchawi kifungoni jehanamu, naye akawa ndiye mhusika mkuu ambaye msomaji anamfuata sura baada ya sura hadi aanze kumtakia aokoke, haiwezi kusomwa Mbeya au Njombe kama hadithi ya mbali. Wazazi na wachungaji wanaoipinga huhofia kwamba kijana atauzoea uchawi na hatimaye kuuheshimu. Hofu hiyo si ushamba. Mapema mwaka 2019 watoto waliuawa Njombe katika matukio yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na mzazi aliyeishi karibu na msiba wa namna hiyo ana haki ya kukagua kitabu anachopewa mwanawe.

Hata hivyo, wanaoitetea riwaya ya aina hii hawajasikilizwa ipasavyo, kwa kuwa hudhaniwa kwamba wanautetea uchawi wenyewe. Katika utenzi wa karne ya 14 wa mshairi wa Italia Dante Alighieri, ambamo yeye mwenyewe ndiye msafiri anayepitishwa jehanamu, wapiga ramli na wachawi wamo jehanamu, vichwa vyao vimegeuzwa vikatazama nyuma kwa sababu walitaka kuona mbele kupita kiasi, na machozi yao hutiririkia migongoni mpaka makalioni. Anapowaona, Dante huegemea mwamba akalia, na kiongozi wake Virgil, mshairi wa Roma ya kale, humkemea kwa kuwahurumia waliokwisha kuhukumiwa. Jambo hili hunirudia kila ninaposikia kwamba kumhurumia mchawi ni kumtukuza. Mshairi hakuipunguza adhabu hata chembe, lakini hakuyafuta machozi yake wala karipio alilopewa, na msomaji analazimika kubeba yote mawili kwa pamoja: hukumu na huruma. Sidhani kama yupo atakayeufunga utenzi ule akitamani kwenda kupiga ramli.

Huruma ya namna hiyo ndiyo inayokosekana lambalamba wanapoingia katika vijiji vya Songwe na Mbeya kwa madai ya kuwafichua wachawi, huku wanakijiji wakichangishwa fedha. Mara nyingi anayetajwa ni mzee, na akishatajwa hana tena la kusema ambalo litaaminiwa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inakataza hata kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini sheria haiwezi kumfundisha kijana kumsikiliza anayetuhumiwa. Riwaya inayompa mfungwa nafasi ya kueleza alichotenda, alichosingiziwa na anachojutia inaweza kumfundisha, maana kijana huyo hukaa na mtuhumiwa kwa kurasa mia mbili kabla ya kuamua.

Nina sharti moja, na hapo wapinzani wananishawishi. Mwandishi lazima aonyeshe kosa lenyewe. Mfungwa akiwa motoni kwa sababu tu anaitwa mchawi, bila tendo wala aliyedhuriwa, riwaya itakuwa imerudia kazi ya lambalamba kwa lugha nzuri zaidi, na hapo ningeungana na wachungaji kuiweka kando.

Ikilitimiza sharti hilo, isomwe, tena kwa vidato vya juu, pamoja na Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyotoka mwaka 1977. Humo kijana Gusto anarithishwa uchawi na baba yake, na mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi ni nani kati ya Gusto na yule mfungwa wa jehanamu aliyekuwa na uwezo wa kukataa, na alikosea wapi.