Kambare wa Ugalla: tufunge nini, na lini?

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Je, mito ya Malagarasi na Ugalla nayo ifungwe?

Kwa kambare, tarehe hizo hazisaidii kitu. Yeye huzaliana mvua zinapokolea na maji kuanza kutapakaa mbugani. Usiku hutoka mtoni, hupanda kwenye nyasi zenye maji yasiyofika gotini, hutaga, huondoka. Mayai hunata kwenye majani, na maji yakiwa na joto huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Hakuna mzazi anayelinda.

Wanaotaka masika ifungwe wana hoja nzito. Uzio wa matete wenye migono (mitego ya kusuka) ukiziba mfereji wa kupandia, unanasa majike kabla hayajataga, na jike la kilo mbili hubeba mayai zaidi ya laki moja.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Maji yakirudi nyuma mapema, nyasi hukauka pamoja na kila kilichonata, mvuvi awepo asiwepo. Tena Desemba na Januari, mvua zinapokolea, ghala ni tupu na mahindi mapya bado yako shambani.

Kwangu mimi, pande zote mbili zimeisahau Oktoba. Wakati huo Ugalla hukatika na kubaki mabwawa, na wazazi wote wa masika ijayo wamo humo. Mfunue kambare shavu: juu ya matamvua utaona viungo vyekundu vyenye matawi kama kijiti. Hivyo ndivyo vinavyomwezesha kuvuta hewa na kuishi kwenye tope ambamo wengine wamekwisha kufa. Ndivyo pia vinavyomponza, kwa sababu kila akipanda kuhema huacha duara juu ya maji, na mvuvi anajua kuna wangapi. Kokoro, wavu wa kukokota, likipita mara mbili, bwawa limekwisha. Utupa, mmea wa sumu ya samaki, ni mbaya zaidi (na kuvua kwa sumu ni kosa kisheria): huzuia mwili kutumia oksijeni iliyokwisha kuingia, hivyo hata kuhema hakumwokoi.

Basi masika zifungwe njia za kupandia tu, wiki mbili tatu za mafuriko ya kwanza, na uzio usizidi nusu ya mfereji. Ndoana mtoni ziendelee. Kiangazi bwawa lenye kina kuliko yote liachwe, hata kama maduara yanaonekana toka ukingoni.